Niliacha Chumvi ya Dukani

Nesi wa kliniki ya presha pale Katesh aliniambia niache chumvi, nami nikaiacha. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia figo za mzee fulani zimeharibika, husema alikuwa mlevi, au mkaidi aliyetupa dawa vichakani. Mimi vidonge nilimeza. Pombe nilikuwa nimeiacha zamani. Na chumvi, tangu jioni ile niliyorudi kijijini kwetu Masakta kutoka kliniki, haikuingia tena kwenye chakula changu. Ile ya dukani, ya pakiti.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Kwetu kila kitu kina jina lake. Chumvi ni ile ya pakiti. Magadi ni magadi, ya kulainishia makande. Ile inayokwanguliwa kandokando ya ziwa ni ya ng'ombe. Na mboga ni mboga. Nesi aliposema chumvi, niliona pakiti iliyokaa kwenye rafu ya jikoni kwangu, basi. Benchi lilikuwa limejaa, watu wanasogea kwa makalio kila jina linapoitwa, nami nilikuwa na haraka ya kurudi shambani. Akaniuliza, "Mzee, umeelewa?" Nikajibu, "Nimeelewa, binti yangu," huku nimeshasimama.

Ndugu msomaji, kama na wewe umeambiwa hivyo, au unamuuguza mtu aliyeambiwa hivyo, keti kidogo. Ningeketi dakika chache zaidi kwenye benchi lile, pengine haya yote nisingeyaandika.

Mke wangu, Mama Paskalina, aliamua sote nyumbani tule kama mimi. Hakutaka niwe na chungu changu peke yangu kama mtu aliyetengwa. Tukakaa mezani tukitazamana. Ugali ulikuwa ugali, maharage yalikuwa udongo. Makande yalibaki na ladha kidogo, kwa sababu ya magadi, na wala hatukujiuliza kwa nini. Wiki zilipita. Nilianza kuiogopa saa ya chakula. Mtu hajui jinsi ulimi unavyoitawala siku yake mpaka anyang'anywe anachokipenda ulimi.

Wakati wa kuvuna mbaazi, mdogo wangu Rozalia alikuja kututembelea. Ameolewa kijiji kilicho karibu na Ziwa Balangida, upande ule ambao kiangazi maji hurudi nyuma na kuacha ardhi nyeupe. Alinitazama akashika kiuno.

"Kaka, umekonda. Hawakulishi?"

"Wananilisha. Natafuna tu, kama ng'ombe kwenye mabua."

"Mimi nimekuletea dawa na chakula kwa pamoja. Umesahau mama alitulisha nini mwaka ule wa njaa?"

Sikuwa nimesahau. Akafungua kanga na ndani mlikuwa na mboga ya ziwani. Ndivyo tulivyoiita nyumbani. Wengine wana majina yao. Vijani vyake ni vinene, vifupi kama vidole vya mtoto mchanga, vimejaa maji, na kiangazi kikikaza huwa vyekundu kwenye ncha. Huota palepale kwenye weupe, mahali ambapo ukipanda hindi moja utalizika kesho yake. Wazee waliwapa wazazi waliotoka kujifungua, na watoto wenye vidonda vya mdomo. Rozalia aliichemsha, akaitia maziwa mgando. Nilipoonja, machozi yalinilenga. Ladha ilikuwa imerudi.

"Hujatia chumvi?" nikamuuliza.

"Hata punje. Muulize wifi, alikuwa amenisimamia kama askari."

Nikala sahani yote. Kuanzia siku hiyo Rozalia alikuwa akituma furushi kila alipopata mtu wa kuja Katesh, nami nikilifuata stendi.

Binti yetu Paskalina, ambaye anafanya kazi Arusha, alipopata habari alifurahi. Akanitumia kwenye simu maelezo aliyoyakuta: kwamba mimea inayoota kwenye udongo wenye chumvi hupata taabu nyingi, na ili isife hutengeneza ndani yake vitu vinavyopigana na sumu za mwili, kwamba ina vitamini na madini kuliko mboga nyingi za bustanini. Nilivaa miwani nikamsomea mke wangu kwa sauti, kama mtu anayesoma somo kanisani. Na maelezo yale, ninavyofahamu leo, hayakuwa ya uongo. Uongo niliuongeza mwenyewe. Nilijenga hoja: mmea unaoishi ndani ya chumvi bila kufa, lazima unajua namna ya kuishinda chumvi. Nikiula, utaishinda na ile iliyomo kwenye damu yangu. Haikunijia kwamba pengine mmea hauishindi. Unaibeba.

Nikaanza kunywa na maji yaliyochemshiwa mboga hiyo. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Niliwaambia watu nimepata dawa.

Mama Paskalina alivumilia, kisha siku moja jikoni akaniuliza.

"Baba Paskalina, hii mboga mimi sijaitia chumvi."

"Najua."

"Mbona imekolea?"

"Ndiyo asili yake."

"Hiyo asili yake siyo chumvi?"

"Kliniki walisema ya dukani." Hawakusema hivyo. "Hii Mungu ameiweka mwenyewe ndani ya jani. Au wewe raha yako ni kuniona natafuna pamba mpaka nife?"

Aliendelea kukoroga, na tangu hapo hakuniuliza tena juu ya mboga ile. Nilihesabu kwamba nimeshinda.

Mvua za kwanza zilipoanguka viatu vilianza kunibana. Nilidhani vimeingia maji vikakauka vibaya. Nikahamia kandambili. Nazo zikaniachia alama za mikanda juu ya miguu. Ukibonyeza mguu wangu kwa kidole, shimo linabaki pale kama umebonyeza unga. Asubuhi uso ulikuwa mzito, macho madogo. Wajukuu wakanicheka wakasema babu amenenepa, nami nikawaambia ni mboga. Mkojo ulipungua, na uliokuja ulikuwa na povu. Mdomo ukawa na ladha ya sarafu. Nikalala nikiwa nimeegemea ukuta, maana nikilala chali pumzi inakatika. Kila dalili niliyoipata niliitibu kwa kuongeza kikombe.

Wakati wa palizi miguu ilikataa. Nilikuwa katikati ya mahindi, nikashuka taratibu kama gunia lililotoboka, jembe mkononi. Sikuumwa popote. Miguu tu haikuwa yangu, na moyo ulikuwa ukiruka, ukisimama, ukiruka. Wakanibeba mpaka Katesh. Pale walinitazama muda mfupi, wakapima damu, wakazungumza kwa sauti ya chini, na gari likaandaliwa kwenda Arusha. Nilipozinduka vizuri nilikuwa na mpira umeshonwa shingoni, na pembeni yangu mashine ikizungusha damu yangu mbele ya macho yangu.

Daktari hakunificha. Alisema figo zimelala. Zinaweza kuamka, zinaweza zisiamke. Zisipoamka, mashine hii ndiyo itakuwa figo yangu siku zote, mara tatu kila juma, na Masakta haina mashine. Katesh haina. Maana yake, aliposhindwa kulisema nililisema mwenyewe: sitarudi nyumbani kuishi. Nitakuwa mgeni wa mjini mpaka kufa kwangu.

"Tutajua lini?"

"Tuupe mwili nafasi, mzee. Kuanzia sasa tunasubiri mkojo."

Basi maisha yangu yakawa hayo. Paskalina alikuwa amepanga chumba kimoja. Akanipa kitanda, yeye akalala chini nyuma ya pazia. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba niliweza kuugusa. Mimi niliyezoea kufungua mlango na kuukuta Mlima Hanang wote umesimama mbele yangu, nilijifunza kila ufa wa ukuta ule. Kutoka chumbani kwenda hospitali, kutoka hospitali kwenda chumbani. Ng'ombe akifungwa kamba kwenye kigingi hula duara lake mpaka pabaki udongo mtupu. Duara langu halikuwa hata na nyasi.

Kiu ndiyo iliyokuwa kamba yenyewe. Nilipimiwa maji kwa kikombe kidogo cha chai kwa siku nzima, na vidonge vilimezwa kwa maji hayohayo. Nilisukutua na kutema. Nililamba midomo mpaka ikapasuka. Masika yalipofika, simu zikaja kutoka nyumbani: mvua imeshuka, mto umejaa, daraja limefunikwa. Nilisikia maji kwenye simu, nikaikata.

Kwenye chumba cha kusubiri mashine nilimkuta mtu ninayemfahamu, Mzee Hamisi, mfanyabiashara wa vitambaa pale Katesh. Miaka yote nilikuwa nikimnunulia mke wangu vitenge kwake na kubishana naye bei. Yeye figo zake zilikufa kwa sukari, na hazikuwa na habari ya kuamka. Alikuwa amehamia kwa mwanawe na kuliacha duka. Kabla ya mashine kila mtu hupanda mzani, kwa sababu uzito ulioongezeka ni maji uliyokunywa. Hapo hakuna wa kudanganya.

"Mmbulu," aliniambia siku moja nikipanda, akiniita kwa kabila langu, "leo umekunywa bwawa gani?"

"Kikombe changu tu."

"Kikombe cha nani? Mzani huu hauna dini, bwana, hauhongwi wala hauonei haya mvi. Sema ukweli."

"Jana nilinyonya chungwa."

"Aa! Moja?"

"Mawili."

Chumba kizima kikacheka, na nesi akanikaripia kweli kweli, maana chungwa kwetu sisi wagonjwa wa figo lina hatari yake. Lakini nilicheka pia. Zilikuwa wiki nyingi sijacheka. Siku mtu akikosekana kwenye benchi hatukuulizana yuko wapi. Tulisogea tu kujaza nafasi yake.

Kisha akaja mtaalamu wa lishe, mwanamke kijana, akakaa kando ya kitanda nikiwa nimeunganishwa kwenye mashine. Paskalina alikuwa amesimama miguuni kwangu.

"Shikamoo baba. Nyumbani ulikuwa unakula nini?"

"Marahaba. Mimi chumvi sili," nikasema kwa kujivuna. "Muulize yeyote."

Paskalina akasema taratibu, "Baba, na ile mboga ya shangazi?"

"Mboga gani?" mtaalamu akauliza.

"Mboga tu. Ya ziwani."

"Inaota wapi?"

"Kandokando ya Balangida."

"Kwenye majani ya kawaida, au pale penye weupe?"

"Palepale penye weupe."

"Ule weupe ni nini, baba?"

"Ni chumvi," nikasema.

Neno lilitoka kinywani mwangu mwenyewe, na nikalisikia kama limesemwa na mtu mwingine. Akaniuliza kama maji ya kuchemshia tulikuwa tunamwaga. Nikamwambia nilikuwa nakunywa. Hakunicheka wala hakukunja uso. Alieleza kwamba mboga ile si adui. Mtu mwenye figo nzima, akiichemsha, akamwaga maji, akala kiasi, inamjenga. Lakini inanyonya chumvi ya udongo na kuiweka kwenye jani, na pamoja nayo ina chumvi nyingine ambayo ulimi hauijui, ile inayofanya moyo uruke na miguu ilegee. Figo nzima huitoa. Zangu zilikuwa zimechoka kwa presha ya miaka mingi, nami nikazibebesha mzigo.

Siku zile zilizofuata nilifanya jambo ninalolijutia kuliko mboga yenyewe. Paskalina alilia chumbani. "Baba, ni mimi niliyekutumia yale maneno kwenye simu." Nami nikanyamaza. Nilijua nilishakula mafurushi mengi kabla ya ujumbe wake. Nilijua maji niliyanywa kwa akili yangu. Lakini ilikuwa nafuu kidogo kuwa na mtu wa kubeba upande mmoja wa mzigo, nikamwachia aubebe. Alikuwa anaamka alfajiri, ananikanda miguu, anakwenda kazini, anarudi ananipikia, na macho yake hayanitazami. Chumba kile kilikuwa kidogo sana kwa ukimya wa namna ile.

Mama Paskalina akaja baada ya palizi ya pili, amepanda basi Katesh akiwa na kuku kwenye kikapu. Alimtazama binti, akanitazama mimi. Akangoja Paskalina atoke kwenda bombani.

"Mtoto ana nini?"

Nikamweleza.

"Umemwambia kwamba si yeye?"

"Bado."

"Unangoja nini? Figo zipone kwanza?"

Alivua kitenge cha kichwani akakikunja polepole juu ya mapaja.

"Mimi nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukanijibu nini?"

"Nilikujibu vibaya. Swali lako lilikuwa la kweli na mimi nilikujibu vibaya. Nisamehe."

Aliitikia kwa kichwa. Paskalina aliporudi na ndoo nilimwambia asimame hapohapo mlangoni, nikamwambia yote: kwamba nilianza kabla yake, kwamba mama yake alinionya, kwamba nilimwona anaumia nikanyamaza. Alilia tena, lakini safari hii alikuja akakaa kitandani karibu na miguu yangu. Mama yake akasema, "Haya, sasa nani atamchinja huyu kuku, maana mimi nimechoka na safari." Kuku alipikwa bila chumvi ya dukani, ya mboga wala ya ng'ombe. Nilipewa kipande bila mchuzi. Sijala kuku mtamu kama yule.

Mkojo ulianza mwishoni mwa masika. Nilipewa chupa ya kupimia, na kila asubuhi nilikuwa nikiichungulia kama mkulima anavyochungulia mawingu. Mwanzo ulikuwa kidole kimoja. Kisha nusu ya chupa. Siku niliyoijaza nilikwenda nayo hospitali ndani ya mfuko wa nailoni, na nesi alipoinyanyua kwenye mwanga, Mzee Hamisi akapiga kofi mkono wa kiti.

"Jamani, Mmbulu amepata mvua!"

Wenzangu wakanipongeza. Niliona aibu, kwa sababu wengi wao hawatapata mvua hiyo tena. Daktari akapunguza mashine, mara mbili kwa juma, halafu mara moja, na baina ya siku na siku nilikaa kitandani nikijibonyeza miguu, nikisikiliza moyo, nikiogopa kulala. Kusubiri kujua ni kufungwa kubaya zaidi, kwa kuwa mlango unauona.

Kabla sijasema ilivyoisha, niseme ninavyoishi sasa, labda itamsaidia mtu. Sikupona. Figo zimeamka nusu tu, na kila mwezi nakwenda kupimwa damu. Kamba imerefushwa tu, lakini kigingi kipo palepale. Nyumbani makande hulowekwa usiku kucha badala ya kutiwa magadi. Mboga zangu huchemshwa na maji yake humwagwa. Mboga ya ziwani Rozalia bado analeta, kwa ajili ya wajukuu, wanaila na maziwa na inawafaa. Mimi wakati huo nakwenda kukaa nje. Ukiambiwa uache chumvi, uliza ni zipi. Taja kila kitu unachokiweka kinywani, hata kile unachoona aibu kukitaja, hata kile ulichopewa na ndugu kwa upendo. Na anayekupikia akikuuliza swali, lijibu lile swali, usimjibu yeye.

Siku ya mwisho ilikuwa kipupwe, Arusha yote imefunikwa na ukungu. Daktari alisoma majibu ya damu akasema anatoa mpira shingoni. Sikuelewa mara moja. Akarudia. Nesi akakata nyuzi, akauvuta, akaniambia nibonyeze shingo kwa nguvu na nisiachie mpaka aseme. Nikakaa hivyo, mkono shingoni, machozi yakishuka, siwezi hata kuyafuta.

Mzee Hamisi alikuwa kwenye kiti chake, damu yake inazunguka.

"Unaondoka, Mmbulu."

"Naondoka. Nitakuja kukuona."

"Usije. Watu wakitoka humu hawarudi kututembelea, na sisi hatuwalaumu." Akatazama mashine. "Daktari amekuongezea maji?"

"Ameniongezea. Vikombe vinne."

"Vinne!" Akafumba macho kama mtu aliyenusa chakula kizuri. "Basi nenda. Ukifika nje, ukinywa, na mimi ninywee kidogo."

Mke wangu alikuwa ananingoja kwenye ngazi na chupa ya maji na kikombe. Akanimiminia. Nilikunywa funda moja, nikatulia. Halafu nikanywa la pili taratibu sana, nikalishikilia mdomoni kwa muda, kwa sababu halikuwa langu.